Mkate Usiorudi Kiini

Nchi ya Chembeni haimo katika ramani yoyote, na wenyeji wake wanaamini kwamba ni ramani ndizo zenye kasoro. Mzee Shekivunge alifika huko baada ya kustaafu. Jinsi alivyofika hakupenda kuisimulia, maana kwake njia ilikuwa kitu cha kupita, si cha kuhadithia. Alichopenda kueleza ni yale aliyoyaona, naye aliyaeleza kwa utaratibu, kama inavyompasa mtu aliyefanya kazi maisha yake yote katika chumba cha simu cha posta, enzi zile za kuunganisha watu kwa kuchomeka waya. Popote alipokuwa mgeni, swali lake la kwanza halikuhusu chakula wala malazi. Aliuliza: hapa watu wanaambianaje mambo?

Chembeni imezungukwa na ukuta laini, wenye unyevu, ambao walinzi wake hukupapasa badala ya kukuuliza jina. Ndani ya ukuta kuna maji mazito yanayofika magotini, na watu hutembea humo siku nzima bila kulalamika, kwa kuwa hawajawahi kusikia habari za ardhi kavu. Mzee Shekivunge alipowaeleza, walimhurumia.

Kila mkazi wa nchi hiyo hubeba chetezo kidogo cha udongo chenye kaa moja la moto. Bila kaa hakuna kazi. Anayetaka kufungua mlango hukisogeza chetezo kwenye bawaba, kaa hutoa joto lake lote, mlango hufunguka, na kaa huzimika. Anayetaka kuinua tofali hufanya vivyo hivyo. Kaa moja, tendo moja. Kisha mtu hurudi kwenye matanuri kuliwasha upya. Mzee alimwona bibi mmoja amesimama chini ya ngazi, akifikiri kwa makini kama alitumie kaa lake kupanda au kupiga chafya. Aliamua kupanda. Chafya ikamtangulia, akabaki chini.

Matanuri hayo ni ya Wakondi, na Wakondi ni watu wa asili ya ugenini. Inasemekana kwamba zamani sana Chembeni ilimmeza mama yao mmoja kwa nia ya kumla. Hakuliwa. Aliwasha moto humohumo alimomezwa, na wenyeji walipoona joto linapendeza wakamwacha akae. Tangu siku hizo watu wa nchi na Wakondi ni watani.

“Hujambo, chakula chetu!” mwenyeji humwita Mkondi njiani.

“Sijambo, mbichi wewe! Nani atakupika leo nikigoma?”

Nao hucheka, na kila mmoja huenda zake.

Katikati ya nchi kuna jengo la duara liitwalo Kiini, lenye matundu mengi ukutani na bawabu kwenye kila tundu. Humo umehifadhiwa ukili, yaani utepe wa kusuka kama wa mkeka, mrefu na wa rangi nne, na katika mfuatano wa rangi hizo kumesukwa vipimo vya kila kitu kinachoweza kutengenezwa Chembeni, kuanzia bawaba hadi ukuta wenyewe. Ukili hautoki nje. Fundi anayehitaji kipimo husukiwa nakala ya kipande kifupi, hutoka nayo, na akishaitumia nakala huchanwa mbele ya mashahidi, ili mtu asije akatengeneza bawaba kwa mazoea tu.

Wakondi nao wana ukili wao, lakini ni mfupi, na ncha zake zimeungwa pamoja ukawa duara, mfano wa kata ya kubebea mtungi kichwani. Mama humwachia binti yake kata hiyo. Mwana wa kiume huonyeshwa, akaishika, akairudisha. Kwa kata ile peke yake Wakondi hawawezi kujenga tanuri, wala Kiini hakiwezi bila kata. Mvukuto mmoja wa kupulizia moto una mbao zilizochongwa kwa vipimo vya Kiini na ngozi iliyokatwa kwa vipimo vya kata. Mbao na ngozi zikihitilafiana kwa unene wa ukucha, moto hufifia.

Haya yote Mzee Shekivunge alielezwa na Bwana Fumbwe, Msemaji wa Kiini, mtu mrefu mwenye chetezo cha shaba na sauti ya kusomea matangazo.

“Nimeelewa,” Mzee alisema. “Wao huko, nyinyi huku, na mnajenga kitu kimoja. Sasa wakiwa na shida, mnajuaje?”

“Kwa mkate,” Bwana Fumbwe alijibu.

“Mkate?”

“Keti, Bwana Mgeni. Hili ndilo jambo letu la fahari.”

Akaeleza. Tanuri lina mlango mwembamba sana, na hakuna kitu kinachopita hapo kikiwa na umbo lake. Kiti huingia kikiwa fito, nguo huingia ikiwa uzi, na vyote hukusanywa upya ndani. Wala hakuna anayesukuma. Moto wenyewe ndio unaovuta. Moto ukiwa na nguvu, mlango hunyonya kila kinacholetwa mbele yake. Moto ukidhoofika, mlango hulegea, na kitu hubaki nje kikining'inia.

Basi kila asubuhi Kiini hupeleka mkate mrefu, mwembamba, kwa kila tanuri. Kichwani mkate umefungwa uzi mwekundu, maana yake upelekwe kwa Wakondi. Mkiani umefungwa uzi wa buluu, maana yake urudishwe Kiini. Mlango ukiuvuta mkate, umekwenda, umeungua, na hakuna la kusema. Usipouvuta, mchukuzi huugeuza, hufuata uzi wa buluu, na kuurudisha. Wasukaji wa ukili wakiuona mkate uliorudi hawaulizi swali. Hukunjua sehemu ya ukili inayohusu kutengeneza matanuri, na mafundi hutoka siku hiyohiyo.

Mzee Shekivunge alifurahi mpaka akapiga goti lake. “Yaani mzima hasemi kitu, na mgonjwa husema kwa kushindwa kula!”

“Ndivyo. Njoo uone ukumbi.”

Ukumbi wa Mikate Iliyorudi ulikuwa umefagiliwa vizuri. Mabenchi yake yalikuwa matupu, na juu ya kila benchi palikuwa na kopo la maua.

“Tangu mwaka wangu wa pili katika cheo hiki,” Bwana Fumbwe alisema, akishusha sauti kwa unyenyekevu ambao haukumkaa vizuri, “haujarudi hata mkate mmoja.”

“Hongera. Umefanyaje?”

“Nidhamu. Zamani wachukuzi walikuwa wakirudi na mikate ovyo ovyo. Leo huyu, kesho yule. Nikaweka utaratibu: anayerudi na mkate husimama langoni akiwa nao kichwani mpaka jioni, na kila apitaye humwambia, ‘Pole, mzembe.’ Basi. Wakajirekebisha wenyewe.”

Mzee alitaka kuuliza mchukuzi anahusikaje na ugonjwa wa tanuri, lakini kengele ya baraza ililia, wakaingia kikaoni.

Hoja ya siku hiyo ilikuwa sherehe ya kuupongeza ukumbi mtupu. Wajumbe walikwisha kukubaliana juu ya ngoma na bado walikuwa wakivutana juu ya pilau, mjumbe mmoja wa upande wa ukutani aliposimama na kusema kwamba huko kwao makaa yamekuwa dhaifu, hata mlango mmoja sasa unahitaji makaa kadhaa. Mwingine alijibu kwamba makaa ni yaleyale, ila milango imekuwa mizito. Wa tatu alisema milango haina kosa, watu wamezidi kutoka nje. Baada ya mjadala mrefu na wa heshima baraza liliamua bawaba zipakwe mafuta, na watoto wafundishwe kutamani milango michache zaidi. Suala la matanuri halikuguswa, kwa kuwa ukumbi ulikuwa mtupu.

Kesho yake asubuhi Mzee Shekivunge aliomba kuona tanuri. Akapewa mchukuzi wa kumwongoza, jina lake Feruzi, mtu mcheshi mwenye mashavu ya kung'aa na tumbo lililomtangulia katika maji. Mzee alikwisha kuona kwamba wachukuzi wote wa Kiini walikuwa wanene, naye alidhani ni ukoo mmoja.

“Tunakwenda kwa Bi Kazija,” Feruzi alisema, mkate begani. “Mkondi wa Wakondi. Ulimi wake mkali kuliko moto wake.”

“Moto wake ukoje?”

“We mzee unapenda kuuliza.”

Tanuri la Bi Kazija lilikuwa na kuta mbili, moja ndani ya nyingine, na baina yake palikuwa na ujia mwembamba ambamo mwenyewe alikaa. Ukuta wa nje ulikuwa umechapwa alama za chokaa. Feruzi aliufikisha mkate kwenye mlango. Mlango ulikuwa umelegea mithili ya mdomo wa mtu anayesinzia. Mkate uliguswa kidogo, ukatikisika, ukabaki unaning'inia.

Feruzi akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akaushusha mkate, akaung'ata upande wenye uzi mwekundu, akamega kipande kikubwa na kumpa Mzee.

“Karibu. Bado wa moto.”

“Huu si wa kurudishwa?” Mzee aliuliza, kipande kikiwa mkononi.

“Urudi wapi? Nisimame langoni nao kichwani? Mama mkwe wangu hupita pale kila siku kwenda sokoni!”

“Feruzi!” Sauti ilitoka ujiani. “Umekula tena?”

“Nimeonja tu, Bi Kazija. Chakula hakifai kuulizia chakula.”

“Leo sikutanii. Njooni huku, wewe na mgeni wako.”

Wakajipenyeza kwa tundu la pembeni katika ukuta wa nje. Bi Kazija alikuwa mwanamke wa makamo, khanga moja kiunoni na nyingine kichwani, na juu ya ile ya kichwani ameivaa kata yake ya rangi nne. Hakusimama kuwapokea. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekandamiza kitu ukutani, na kwa jinsi bega lilivyoinama ilionekana amekikandamiza kwa muda mrefu.

“Shikamoo, baba,” alimwambia Mzee. “Utanisamehe, mkono siwezi kukupa.”

“Marahaba, mwanangu. Umeshika nini?”

“Kigingi.”

Akamweleza, naye Mzee Shekivunge alisikiliza pasipo kuuliza neno, jambo lililokuwa nadra kwake. Kila tanuri la Chembeni lina kigingi katika ujia wake. Tanuri likiwa na joto la kutosha, kigingi hukaa kimya katika tundu lake. Moto ukififia, kuta hulegea, na kigingi huanza kujisukuma nje. Kikitoka na kuangukia maji ya njiani, nchi nzima huanza kujibomoa. Si vita wala ghasia. Hiyo ni sheria ya kale kuliko Kiini, na watu huitii kwa adabu: kila mmoja hufumua nyumba yake, huukata hata ule ukili vipande vipande, na kila kitu hufungwa katika mafurushi safi ili nchi jirani zije zile. Hakuna anayepinga. Hakuna anayebaki.

“Na hizo chokaa nje?”

“Wamezaji, wasafishaji wa nchi, wamepita. Wanaweka alama kwenye tanuri lisilovuta. Alama zikijaa wanakuja kulimeza, na kata hii ya mama yangu ndani yake, maana sheria hainiruhusu kuiondoa. Sina ugomvi nao, ni kazi yao. Wangekuja upesi, nchi ingepona, mimi ningekwisha. Lakini nao hutumia makaa, baba, na makaa ya mtaa huu yametoka hapa.” Akacheka kidogo. “Sasa sijui nani atawahi, wao au kigingi. Binti yangu nimemtuma kwa jirani. Hajui.”

“Basi nitakwenda Kiini niwaambie,” Mzee alisema.

“Utawaambia kwa njia gani? Mabawabu wa matundu hawana masikio, baba. Kazi yao ni kupapasa uzi. Neno la Mkondi haliingii, la mgeni haliingii. Kinachoingia ni uzi wa buluu tu, ukiwa mkononi mwa mchukuzi.” Akamgeukia Feruzi. “Kila asubuhi mlango wangu umesema. Kila asubuhi umeuweka tumboni.”

“Si mimi peke yangu!” Feruzi alisema. “Wote tunakula! Unadhani kwa jirani yako kuna moto?”

Bi Kazija alimtazama.

“Matanuri mangapi?”

Feruzi alianza kujifuta mdomo, ingawa ulikuwa mkavu.

“Lete mkono wako,” Bi Kazija alisema. “Weka hapa, chini ya wangu. Usiogope, hakiumi.”

Aliuweka. Mzee Shekivunge aliona uso wa mtu yule mcheshi ukibadilika. Kigingi kilikuwa kinasukuma taratibu, bila hasira, nacho hakikupumzika.

“Kinasukuma,” Feruzi alinong'ona.

“Ndiyo, mwanangu. Siku zote hizi.”

Feruzi alitoa mkono. Akautazama mkate uliobaki. Kichwa hakikuwapo tena, wala uzi mwekundu, lakini mkiani uzi wa buluu ulikuwa umefungwa vizuri. Akauweka kichwani hapohapo ujiani, akatoka nao hivyo, na Mzee akamfuata.

Langoni pa Kiini watu walijaa upesi, maana kizazi kizima cha watoto kilikuwa hakijawahi kuona mkate kichwani mwa mtu. Wazee waliokumbuka desturi walisema, “Pole, mzembe,” na watoto wakaidaka, wakaiimba. Feruzi alisimama, macho chini. Mama mkwe wake alifika na kapu lake la sokoni, akatazama, akazunguka nyuma, akarudi mbele.

“Mkwe,” alisema, “mbona nusu?”

“Nusu nyingine nimekula, mama.”

“Na ya jana?”

“Nimekula.”

“Ndiyo maana chakula changu ulikuwa unakidonoa! Binti yangu analia nyumbani kwamba hajui kupika, kumbe mwenzake anashibia kazini!”

Umati ulicheka, na Feruzi mwenyewe akacheka kwa aibu. Lakini wachukuzi wenzake waliokuwa kando hawakucheka. Mmoja aliyekuwa anarudi kutoka mtaa wa mbali, akitafuna, aliacha kutafuna. Alitoa ndani ya nguo yake kipande chenye uzi wa buluu, akakifuta, akaenda kusimama karibu na Feruzi na kukiweka kichwani. Akaja mwingine. Baada ya hapo hawakuangalia tena nani ametangulia.

Bwana Fumbwe alitoka na chetezo chake cha shaba.

“Mkusanyiko huu umeruhusiwa na nani?” aliuliza. Kisha akaiona safu, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kanuni akatafuta kanuni. “Hii si mikate. Hivi ni vipande. Utaratibu unasema mkate uliorudi, hausemi kipande kilichorudi. Baraza litakaa lijadili kama nusu ya mkate ni taarifa kamili au ni nusu ya taarifa.”

Wajumbe wawili waliokuwapo walianza kujadili palepale. Mmoja alisema nusu ya mkate yaweza kumaanisha nusu ya ugonjwa. Mwenzake aliuliza ni nusu ipi.

Wakati huo mabawabu, ambao kweli hawakuwa na masikio, walikuwa wanawapapasa wachukuzi mmoja mmoja. Walishika uzi wa buluu. Wakafungua matundu. Feruzi akaingia, na wenzake wakamfuata, na kupitia tundu lililo wazi Mzee Shekivunge aliwaona wasukaji wakiacha walichokuwa wakifanya, wakiitazama mikate iliyowekwa juu ya mabenchi katikati ya makopo ya maua. Hakuna aliyeuliza nani ameuma wapi. Msukaji mkongwe alihesabu nyuzi, uso ukamshuka, akasema tu, “Kunjueni.” Na ukili ukaanza kukunjuliwa mahali ambapo vumbi lilikuwa limekaa.

Mafundi wakagawanyika kwenda kwa kila tanuri lililorudisha mkate, na Bwana Fumbwe alifuatana na wale wa kwa Bi Kazija. Alisema anakwenda kusimamia. Mzee alijua kwamba hakuwahi kulikaribia tanuri hata siku moja, kwa sababu alikuwa akiuliza njia.

Kwa Bi Kazija kulikuwa na tatizo ambalo hakuna aliyelifikiria. Mbao mpya za mvukuto zilikuwa tayari, zimechongwa fito nyembamba za kupita mlangoni, lakini mlango haukuvuta. Moto wa kuvuta dawa ndio uliokuwa unaumwa. Fito ziliguswa, zikaning'inia.

“Tufanyeje?” fundi mmoja aliuliza.

“Nipeni makaa,” Bi Kazija alisema kutoka ujiani. Sauti yake ilikuwa imekatika. “Siku zote nawapa. Leo nirudishieni. Haraka.”

Feruzi alikuwa wa kwanza. Alimwaga kaa lake mlangoni, likamezwa. Mama mkwe, aliyekuja kwa kutaka kuona mwisho wa jambo, alimwaga lake. Mafundi wakamwaga. Mtu yeyote aliyefanya hivyo alijua kwamba hatafungua mlango wake siku hiyo, wala hatapanda ngazi yake. Mlango ulitetemeka, ukaushika ufito wa kwanza kwa ncha, ukasita.

Watu wote wakakigeukia chetezo cha shaba.

Bwana Fumbwe alikitazama. Kaa lake lilikuwa kubwa na jekundu, la daraja la viongozi. “Nikilitoa,” alisema polepole, “siwezi kuingia ofisini.”

“Ndiyo, bwana,” Feruzi alisema.

Alilitoa. Hakulirusha, alilisogeza kwa vidole viwili, akaungua, akaliachia. Ufito ukavutwa ndani, wa pili ukaufuata, wa tatu ukapita kwa mlio. Mafundi walikuwa wakipokezana fito mbio mbio sasa, na joto likaanza kuwafika usoni. Mzee Shekivunge alichungulia ujiani. Bi Kazija alikuwa ameuondoa mkono ukutani, akivikunjua vidole kimoja kimoja kwa mkono wa pili, kwa kuwa vyenyewe vilikataa kunyooka. Kigingi kilikuwa kimekaa ndani ya tundu lake.

Bwana Fumbwe naye alichungulia. Alimwona mwanamke, akaona kigingi, na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye akili alielewa palepale kilichokuwa kinashikiliwa.

“Lakini, Bi Kazija,” alisema, “mbona hamkusema?”

“Tulisema kila asubuhi, Bwana Msemaji,” alijibu, akiendelea kunyoosha vidole. “Mliyala maneno yetu yakiwa bado ya moto.”